Msimamizi wa Apoline

Ernesta alikuwa anafumua kwa wembe gauni jeupe alilolishona mwenyewe kwa siku nne. Alianza na mikono, akaja kiunoni, na kila uzi ulipokatika alisema "haya." Wapita njia wa kwenda soko la Kasulu walimsalimia pale barazani, akawaitikia kwa pua.

Gauni lilikuwa la Apoline. Angebatizwa nalo mkesha wa Pasaka.

Apoline alikuwa na miaka kumi na saba. Miaka miwili nyuma alikamatwa na simu sita za wizi ndani ya mfuko wa maharage. Aliyekuwa akimtuma ni mjomba wake wa Muyama, na akirudi mikono mitupu alikula kipigo. Mahakamani karani alimuuliza jina la mama, msichana akanyamaza mpaka karani akachoka, akapiga kistari mahali pa jina. Hakimu akamweka kwa masista chini ya uangalizi, na parokia ikamtafutia mlezi. Akapatikana Ernesta, fundi cherehani, mjane asiye na mtoto.

Mwaka wa kwanza Apoline alimwibia mkasi mara mbili. Mara zote mbili Ernesta aliufuata, akaurudisha mezani, akaendelea kumfundisha kukata kola. Alipougua malaria, Ernesta ndiye aliyelala naye wodini. Nani mwingine angeyafanya hayo?

Kwa hiyo katekista Ildefonce aliposimama Jumapili kutangaza masharti ya wasimamizi wa ubatizo, Ernesta aliyapima moja moja. Awe na kipaimara: anacho. Ndoa yake iwe ya kanisani: ilikuwa, Mungu amrehemu marehemu. Hapo katekista akamgeukia mzee Nkunzimana, aliyetaka kumsimamia binti yake mwenyewe.

"Mzee, wewe ulishamzaa, inatosha. Mzazi hamsimamii mwanawe. Waachie na wengine!"

Kanisa likacheka, na Ernesta akacheka kuliko wote. Alishajiona siku ile, mkono wake begani mwa Apoline, watu wote wakitazama.

Baada ya misa Apoline akaulizwa anamchagua nani. Akasema, "Mama Consolée."

Consolée! Mkongomani aliyekuwa akitoka kambi ya Nyarugusu kwa kibali, kila Alhamisi, kuwafundisha wasichana wa masista kuimba. Ana sauti nzuri, Kifaransa kinamteleza, na kilemba chake hakikai sawa hata siku moja ila kinampendeza. Miezi mitatu tu tangu aanze kuja! Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja, na mwenyeji ndiye kaugua.

Kilichomshika Ernesta kilikuwa wivu, na hakukitafutia jina lililo bora zaidi. Siku tatu hakula vizuri. Alhamisi akaenda kwa masista, akamkuta Apoline kwenye cherehani.

"Kwa nini si mimi?"

Apoline aliondoa mguu kwenye pedeli. Alitazama chini, na kitabasamu kikamchungulia pembeni mwa mdomo.

"Mama Ernesta, wewe huwezi."

Huwezi! Ernesta hakungoja neno la pili. Langoni akakutana na Consolée, ambaye alimshika mkono.

"Mama Ernesta, usikasirike. Hata miye nilimwambia akuombe weye. Alikatala. Anasema weye uko na kazi yako ingine."

"Kazi yangu naijua," alisema Ernesta, akauchomoa mkono wake.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa Majaliwa, afisa ustawi wa jamii.

"Mama, baada ya Pasaka uangalizi wa Apoline unakwisha. Uliahidi utamchukua akae kwako. Barua yako sijaipata."

"Muulize huyo Mkongomani wake."

"Yule ni mkimbizi, mama, anaishi kambini. Hawezi kumchukua. Usipomchukua wewe, ndugu aliyebaki ni mjomba wake wa Muyama. Yuko hapa ofisini, anasubiri jibu."

Ernesta aliutazama mkasi uliowahi kuibwa mara mbili. Angeweza kusema bado anafikiri. Angeweza kukata simu.

"Mwambie siwezi," alisema.

Neno hilo lilimpa raha, raha mbaya kama ya kukuna kidonda. Majaliwa akamuuliza kama ana hakika, naye akajibu kwamba anayo. Ndipo alipolishusha gauni msumarini na kuutafuta wembe.

Sasa sketi ilikuwa imeachana na kiuno, na vipande vimetapakaa mkekani. Baiskeli ikasimama mbele ya baraza. Alikuwa Ildefonce, na mfuko wake wa nailoni wa karatasi za parokia.

"Fundi, unashona au unabomoa?"

"Nabomoa. Karibu."

Ildefonce aliketi kwenye kigoda, akachambua karatasi zake, akatoa moja.

"Nimepita unisaidie kabla sijampelekea padri. Hii ni fomu ya ubatizo ya Apoline. Nilimpa ajaze mwenyewe, na naona kaiharibu."

Ernesta aliipokea kwa mkono mmoja, wembe bado uko katika mkono wa pili. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye mstari wa msimamizi. Jina la Consolée, limeandikwa kwa herufi kubwa nzuri. Akainyoosha karatasi airudishe.

"Sijaona kosa."

"Hapo juu, mama," alisema Ildefonce. "Jina lako kaliandika kwenye mstari wa mama yake mzazi. Nimemwambia amekosea mstari, akaniambia hajakosea."