Fimbo au Utepe

"Faulo hiyo," alisema mzee, na fundi akabaki na brashi ya gundi hewani.

Ilikuwa mara ya tisa wiki hiyo. Fundi, mama wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani, aliajiriwa na jumba la makumbusho kuunganisha jiwe la kuchongwa lililochimbuliwa likiwa vipande arobaini na kimoja. Hakuajiriwa kubishana. Ila chumba chake cha kazi kilikuwa wazi kwa wageni, na kati yake na wageni palikuwa na kamba tu.

Jiwe lenyewe lilionyesha wanaume watatu. Wa kwanza amemkamata wa pili kwa nyuma, mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma ya goti, amemnyanyua mzimamzima, miguu inaelea. Mishipa ya shingo imemtoka. Wa tatu, mwamuzi, amesimama kando na shuka lake, ameinua mkono. Kiganja hakipo, kimevunjika.

Basi ubishi wote ulikuwa kwenye kiganja hicho. Enzi hizo mwamuzi alishika fimbo ya kumchapa anayecheza rafu, au utepe wa kumfunga mshindi. Ikiwa ni fimbo, huyu mnyanyuaji kafanya faulo. Ikiwa ni utepe, kashinda.

"Ni fimbo," mzee alisema. "Lazima iwe fimbo."

"Bingwa, hawa watu wana miaka elfu mbili na mia tano."

"Goti ni goti."

Fundi alimbandika jina la Bingwa siku ya pili, alipomsikia anavyoijua mieleka, na mzee hakulikataa. Siku hiyo hiyo alimsimulia ile fainali ya miaka thelathini na moja iliyopita. Walikuwa mkekani, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, na uwanja umefurika pomoni. Shemeji akatumia mtupo huu huu, mkono nyuma ya goti. Mtu akapaa, akatua chali, watu wakapiga kelele hadi mabati yakatetemeka. Hapo ndipo kilipozuka kizaazaa. Kanuni za mchezo zilikuwa kurasa nne, mzee alizihifadhi mpaka nukta zake, na hazikusema lolote juu ya nyuma ya goti. Shemeji akaapa mtupo huo upo tangu dunia iumbwe. Akaambiwa aonyeshe ulipo. Hakuwa na cha kuonyesha, akanyimwa kombe.

"Iliuma?" fundi aliuliza.

"Mpaka leo."

Tangu siku ile shemeji hakukanyaga nyumbani kwake. Arusi za wapwa zake alituma salamu. Misibani alisimama upande wa pili wa kaburi. Na sasa alikuwa mgonjwa wa moyo, na mke wa mzee akienda kumjulia hali kaka yake alirudi macho mekundu.

"Mmoja wenu akifa," alimwambia mumewe asubuhi moja akimimina chai, "huo ubishi mtaumalizia wapi? Wazee wazima, hamna hata haya!"

"Kama nilikosea, nitamwendea," mzee alijibu. "Kama sikukosea, aje yeye."

Akavaa kofia, akaenda kulitazama jiwe.

Ijumaa fundi alifungua trei ya vipande visivyojulikana ni vya nini. Kimoja mtu alikiandika kwa penseli: *sikio?* Akakigeuza juu chini. Akashusha miwani ya kichwani, akavaa juu ya ile ya puani. Sikio gani lenye kucha?

Alikipeleka polepole kwenye mkono wa mwamuzi. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Mzee akavuka kamba bila ruhusa, na fundi hakumzuia, kwa kuwa naye alikuwa amesahau kupumua.

Vidole vilishika kitu chembamba, bapa, ncha zake mbili zikining'inia. Fimbo haining'inii.

"Utepe," fundi alisema. "Pole, Bingwa."

Mzee hakumtazama mnyanyuaji wala mnyanyuliwa. Alimtazama yule wa tatu, usoni, kwa muda mrefu.

"Mwone alivyotulia," alisema. "Wala hana wasiwasi."

"Unalia?"

"Gundi yako inawasha."

Fundi alimhurumia kweli, akatafuta neno la kumfariji. "Lakini si yamepita? Kombe hakuna atakayekunyang'anya."

"Kombe halijawahi kuwa langu," mzee alisema, akatoka.

Alipanda basi bila kumuaga mkewe. Njiani alipitiliza kituo, akarudi kwa miguu. Mbele ya mlango alisimama, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena, ndipo akabisha hodi.

Shemeji alifungua mwenyewe, blanketi begani mchana kweupe. Ugonjwa ulikuwa umemkausha, lakini bado alijaza mlango, na mzee bado alimfikia kifuani tu.

"Umekuja kubishana?"

"Nimekuja kuomba radhi, shemeji. Mtupo wako ulikuwa halali, na hata siku ile niliuona hivyo hivyo." Mzee aliikunja kofia mkononi. "Niliogopa watu waseme refa kambeba kaka wa mkewe, nikapuliza filimbi."