Sabuni ya Protus

Bosi alivaa mfuko wa nailoni mkononi kabla ya kukigusa kipande cha sabuni. Akakiinua kwa vidole viwili, akakitupa kwenye ndoo ya taka. Bakuli likafuata, kisha brashi ambayo Protus alikuwa ameitumia miaka minne.

"Ni shahamu ya kondoo, baba," Protus alisema kwa Kiarabu chake cha kinyozi. "Muulize mwenye bucha. Kila Jumamosi ananiwekea mafuta ya figo."

"Mimi nakuamini. Wateja je?"

Akamwonyesha simu. Ujumbe usio na jina ulikuwa umesambaa tangu asubuhi katika kundi la wateja: kinyozi Mkristo wa mtaa wa Olaya, hapa Riyadh, anawapaka waumini mafuta ya nguruwe usoni, anayapika chumbani kwake, kwenye sufuria ya bluu.

"Halas, basi, Protus. Nitakupa ruhusa uhamie kwa kafili mwingine, akudhamini yeye. Zaidi ya hapo siwezi."

Ilikuwa wiki moja baada ya Idi.

Wateja hao ndio waliomvunja moyo. Kulikuwa na daktari wa macho, rubani mstaafu, na mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka mtaa wa mbali wa Al-Malqa na kupita vinyozi ishirini njiani ili akae kwenye kiti chake. Walikuwa watu wa kubishana juu ya sabuni kama wengine wanavyobishana juu ya mpira. Povu la kopo, walisema, hukauka kabla wembe haujafika kidevuni. Sabuni za mafuta ya mimea huteleza vizuri, lakini huacha ngozi ikivutavuta. Hii ya Protus ilikaa shavuni nzito kama maziwa lala, na mtu akitoka hapo alikuwa akijipapasa mpaka kwenye gari. Sasa hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumuuliza.

Kiti cha pili kilikuwa cha Mike, kijana wa Nakuru aliyenyoa kwa povu la kopo na kuwatazama wateja wake wakihamia upande wa pili mmoja baada ya mwingine. Waliishi chumba kimoja. Sufuria ya bluu alikuwa akiiona kila siku.

"Umefurahi sasa?" Protus alimuuliza.

"Bro, si mimi. Naapa."

"Hiyo sufuria, mwenye bucha hajawahi kuiona. Bosi hajawahi kuiona. Nani mwingine?"

Protus alipokuwa akikusanya nguo zake, Mike alimletea brashi mpya, bado iko ndani ya karatasi yake. Protus aliipokea, akaivunja mpini juu ya goti, akamrudishia vipande viwili. Mike akavishika.

Hata hajafunga zipu ya begi, simu ikalia. Alikuwa Jeremiah, dereva kule Jeddah, waliyesoma naye darasa moja Kakamega. Kila bosi wake alipokuwa na shughuli Riyadh, Jeremiah alilala kwa Protus, akala ugali wake, akanyolewa bure, akaondoka na kipande cha sabuni cha kumpelekea bosi.

"Nimeskia, ndugu yangu. Pole sana. Usiongee na mtu, usipigane na mtu. Nakuja kukuchukua."

Protus alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Alilia kidogo, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemwuguza kabla hajasema anaumwa.

Jeremiah alifika kesho yake na gari la bosi. Safari ilikuwa ndefu, jangwa kulia, jangwa kushoto, na muda wote Protus alikuwa akimlaani Mike. Jeremiah aliendesha na kuitikia.

"Watu ni wabaya, Protus."

"Chumba kimoja, Jeremiah! Alipougua, mimi ndiye nilimpikia uji."

"Achana naye. Mungu anajua kwa nini amekutoa pale."

Mambo yakaenda mbio ajabu. Siku ya tatu uhamisho wa ikama, kibali chake cha kuishi nchini, ulikuwa umekubaliwa. Ya nne, Jeremiah alimpeleka mtaa wa Al-Rawdah, kwenye duka la kinyozi lililonuka rangi mbichi, mali ya bosi wake. Mlangoni alimkumbatia kwa nguvu.

"Sasa tuko mji mmoja," alisema. Kisha akarudi kuegesha gari.

Bosi huyo alikuwa mzee mnene mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu. Alimshika Protus mkono kwa mikono yote miwili na kumtembeza. Kulikuwa na kiti cha ngozi nyekundu. Nyuma kulikuwa na jiko, sufuria tatu mpya na jokofu dogo lililojaa mafuta ya figo, meupe na safi.

"Bucha ni ya mpwa wangu," mzee alisema. "Hapa hakuna atakayeuliza ni mafuta ya nini. Unapenda?"

"Napenda sana, bosi. Sijui umewezaje kuandaa haya yote kwa siku nne."

Mzee akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Siku nne? Kiti hiki nimekiagiza tangu Rajabu, hata Ramadhani haijaingia. Nilimwambia Jeremiah, namtaka mwenye sabuni hii. Akasema bosi wako hakuachii kamwe, ila nisubiri, baada ya Idi atakufukuza mwenyewe. Nikamuuliza, atamfukuzaje kinyozi kama huyu? Akasema hilo nimwachie yeye."