Biskuti ya Sufuria

Bi Mwatima alikuwa anachagua mchele kwenye ungo huku mjukuu wake, Sabiha, akimsomea kitabu kilichong'oka jalada. Kitabu kilikuwa kitamu. Bibi alicheka mpaka punje zikamwagika, akasema aliyekiandika lazima awe mtu wa roho nzuri.

Sabiha akaendelea: "Mume akakwangua ukoko wa wali, akaugawa vipande viwili, akasema, 'Biskuti ya sufuria, mke wangu. Ile kubwa yako.'"

Mkono wa Bi Mwatima ukasita juu ya ungo. Maneno hayo aliwahi kuambiwa na mtu mmoja tu, mumewe wa kwanza, aliyeaga miaka thelathini iliyopita kwamba anakwenda kununua wino, asirudi.

"Jina la mwandishi limo huku nyuma, bibi. Nikusomee?"

"Liache." Akaanza kuchagua upya mchele uliokwisha kuwa safi. "Rudia hapo pa ile kubwa yako."

Mchana huo aliuacha wali motoni makusudi mpaka ukashika chini. Akaukwangua ukoko, akaugawa vipande viwili, na kile kikubwa akakiweka kando.