Ukucha wa Verlene

Ukucha wa fundi Verlene ulikwama. Akaupitisha tena juu ya bolti, mojawapo ya zile zinazokishikilia chombo cha anga za juu mgongoni mwa ndege ya kukisafirisha. Ukakwama palepale.

"Ina ufa," akasema. "Itoke."

"Wee mama, upepo wa jangwa la Mojave huo unakuja!" msimamizi akafoka. "Imeshapimwa na mashine. Tia sahihi tufunge kazi!"

"Miaka ishirini natia sahihi hapa. Leo sitii."

Rubani wa ndege hiyo akapanda ngazi hadi walipokuwa, akavua glavu, akapitisha ukucha wake. Nao ukakwama. Akamgeukia msimamizi.

"Kesho nabeba tani themanini mgongoni, bwana. Msikilize fundi."

Verlene akanyoosha mkono bila kugeuka. Msimamizi mwenyewe akamwekea spana kiganjani.