Nusu Iliyofutwa

"Chomoa! Chomoa hiyo flashi sasa hivi!"

Odeta aliruka kutoka kwenye kiti chake mpaka kwenye meza ya mteja. Mteja huyo, Projest, akaichomoa. Alikuwa anajaribu kunakili faili lake upya ndani ya flashi ileile, labda safari hii lingefunguka.

"Nisamehe, kaka, sikutaka kukukaripia," Odeta alisema. "Ila ukiandika kitu kingine humu, hata hicho kidogo kilichobaki kitapotea."

Duka lake la kompyuta liko Nyegezi, ng'ambo ya stendi ya mabasi, na kila siku watu humletea mafaili yaliyogoma. Lakini mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, machozi yanamlengalenga kwa ajili ya faili? Hilo hakuwahi kuliona.

Ilikuwa DVD nzima iliyohifadhiwa kama faili moja. Simu ya Projest ililikataa. Kompyuta ya kwanza iliuliza ilifungue kwa programu gani. Fundi mmoja kule Nyakato alihangaika nalo mchana kutwa, kisha akasema limekufa, asijisumbue.

"Humo ndani kuna nini?" Odeta aliuliza.

"Mazishi ya mama yangu."

"Pole sana, kaka."

"Sikuwepo, dada. Mwanaye wa kiume ni mimi peke yangu, na sikumtupia hata konzi ya udongo. Picha yake sina. Nataka nimwone tu, hata akiwa kwenye jeneza."

Projest aliaga kwao Kagera kwamba anakwenda visiwa vya ziwani kuvua dagaa. Njiani akakutana na wenzake, wakamjaza maneno, akaishia Msumbiji kwenye machimbo ya vito. Huko hakupata kitu, na asiye na kitu huona aibu kupiga simu. Nitapiga kesho. Nitapiga nikipata. Miaka tisa ikakatika hivyo hivyo, maana wanaume nao wana ujinga wao.

Wiki iliyopita ndipo aliporudi Mwanza na kumpata dada yake, Kokushubira, kwa simu ya jirani. Dada akapanda basi kumfuata. Walipokutana stendi hakumkumbatia. Alimshika kiganja, akakiachia, akakishika tena. Halafu akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Alipoweza kusema, alimwambia mama alifariki mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza.

"Nipeleke kaburini," Projest alisema.

"Usije nyumbani kwanza. Wazee hawataki ukanyage uani mpaka wakae kikao." Akamtia flashi mkononi. "Angalia hii. Mazishi tuliyarekodi, na mama yumo. Mimi mdomo wangu hauwezi."

Akageuka na basi la jioni, na tangu hapo hapokei simu. Projest alielewa: ukoo umemkasirikia. Wana haki, alijiambia. Mtoto gani haji kumzika mama yake?

Odeta alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta. "Kaka, nimeona tatizo. Flashi ya aina hii haipokei faili kubwa namna hii, kwa hiyo aliyekuwekea alilikata vipande viwili. Kipande kimoja peke yake hakifunguki hata umlete nani. Na cha pili kimefutwa."

"Yule fundi alisema ni takataka, inajaza nafasi."

"Takataka! Ama kweli. Ndiyo nusu ya mazishi hiyo!"

Akaiwasha programu ya kurudisha vilivyofutwa. Kazi ikaenda kwa mwendo wa konokono. Projest hakukaa. Alisimama nyuma yake na rozari mfukoni, akizisogeza punje kwa kidole gumba, na kila kompyuta iliponguruma aliacha kusali akauliza, "Vipi?"

"Bado, kaka. Vuta subira."

Alasiri ilikuwa imeshaingia Odeta alipopiga makofi. "Kimerudi! Kizima!"

Akaviunganisha vipande viwili kuwa faili moja, akaiambia kompyuta ilichukulie kama diski iliyoingizwa. Safari hii haikuuliza swali. Kioo kikajaa rangi ya kijani: migomba, ua uliofagiwa, wanawake wameketi kwenye majani, kwaya inaimba.

"Nyumbani!" Projest akasema. "Ona, yule ni baba mdogo Clavery. Hajazeeka hata kidogo! Na yule pale ni mama Justa, jirani yetu."

Kamera ikasogea mpaka kwenye jeneza, limetandikwa kitambaa cheupe. Projest akapiga magoti sakafuni, mbele ya wateja wote.

"Nimekuja, mama," alisema. "Nimechelewa, mama yangu, nisamehe. Mwanao nimekuja."

Odeta naye machozi yakamtoka. Alitaka kumwachia nafasi, lakini Projest alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, kwa hiyo akabaki hapohapo, wakatazama wote wawili.

Katekista akatangaza heshima za mwisho, ndugu wa karibu watangulie. Mfuniko ukaondolewa. Watu wakapisha njia, na katikati yao, ameshikwa mkono na Kokushubira, mama yake Projest akaja akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Ndani ya jeneza kulikuwa na kipande cha mgomba kilichovishwa shati la kiume. Mama akainama, akakifunga kifungo cha juu, akalinyoosha shati kwa kiganja.

"Lala, Projest mwanangu," alisema. "Ziwa limeninyima hata mwili wako."