Mgomba wa Koku

Bi Asteria, mpima magonjwa ya mimea, aliweka visahani viwili mezani. Vyote vilikuwa vimeota ukungu mweupe kama pamba.

"Mbona mapacha?" Kaijage aliuliza, roho ikianza kumtulia.

"Ngoja, Baba Koku." Akavigeuza. Kimoja kilikuwa cheupe mpaka chini. Cha pili chini kilikuwa zambarau, kama kidole kilichobanwa na mlango. "Ni ndugu hawa. Mweupe hana ubaya. Huyu wa zambarau ndiye anayeua migomba."

"Wangu ni upi?"

Bi Asteria alimsogezea kibandiko akisome. Jina la Kaijage lilikuwa limebandikwa kwenye kile cha zambarau.

Chini ya mgomba ule uliopimwa, Kaijage alikuwa amezika kitovu cha binti yake, Koku. Koku alipokufa, siku ya kuanua matanga, Kaijage aling'oa machipukizi ya mgomba huo akampa kila aliyekuja kulia naye. "Nitunzieni mwanangu," aliwaambia.

"Ung'oe, uchome," Bi Asteria alisema. "Na kila chipukizi lililotoka pale."

"Geuza tena, dada. Labda ni mwanga tu."

Akageuza. Zambarau ileile.

Alasiri Kaijage alifika kwa jirani na jembe lake. Mama mwenye nyumba akamlaki kwa kicheko.

"Karibu, shemeji! Umekuja kumwona mtoto? Njoo, keshakupita kimo!"

Mgomba ulisimama nyuma ya jiko, umefungwa kanga kiunoni upepo usiuvunje. Kaijage akalificha jembe mgongoni.