Mlango Uliufunga?

"Usiinuke, bibi. Nimeshakwambia, keti," alisema Ovidio akihema. Mikono ilimuuma, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Bibi Assunta akaketi, akavuta blanketi magotini. Mkononi alishika ufunguo wa chuma, mkubwa kama kijiko cha kupakulia.

"Twende basi, kijana. Unakwenda kama punda mwenye njaa."

"Kijana! Mimi nina wajukuu, bibi."

"Basi babu mwenye njaa. Twende."

Binti wa Assunta, Loredana, alikataa kuja. Alibaki garini, mizigo yote ya mama yake imeshapakiwa, kwani jioni hiyohiyo wanahamia Torino, na kutoka Torino mtu wa umri ule harudi tena. "Mama, kule hakuna kitu," alisema, kisha akapandisha kioo.

Lakini Assunta alikuwa na ahadi. Siku watu wa kijiji chao cha Castelvenna walipohamishwa, mumewe Nazzareno alitangulia na mbuzi, yeye akatoka nyumbani wa mwisho. Njiani mume akamuuliza: mlango uliufunga? Hakukumbuka. Basi, akaulizwa swali hilo maisha yao yote ya ndoa, mezani, kitandani, hata mbele za wageni. Mara alicheka, mara alimrushia kijiko. Majira ya baridi yaliyopita, hospitalini, Nazzareno hakumtambua tena hata binti yake, lakini swali lake alilikumbuka. "Nitarudi niufunge," Assunta akamwambia. Mzee akafa ametulia. Asiyetulia tangu siku hiyo ni mjane wake, usingizi wenyewe haupati.

Ovidio alikuwa ameshasikia hadithi za namna hii mpaka masikio yamejaa. Yeye alizaliwa kule juu, kwenye nyumba za zege walizopewa waliohamishwa. Castelvenna aliijua kwa kusimuliwa na baba yake, na kila mgeni alimpa maneno yaleyale.

"Hapa ni lango la chini," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Lilijengwa na watawa, wakati barabara ya misafara ya chumvi ilikuwa ikipita hapa. Kulia ni chemchemi ya simba watatu. Kushoto ni kanisa la tauni, ambako..."

"Ambako niliolewa, na padri alikuwa amelewa. Endelea."

"Sasa tunaushika mtaa wa wafua chuma."

"Hee, mtaa huu ulikuwa unatutoa roho! Punda wa baba alikuwa akigoma hapahapa." Akatazama huku na huku. "Leo hata siusikii mlima."

Ovidio akaendelea na kazi. Soksi zake zilikuwa zimelowa na mgongo ulimwaka moto. Kwa kawaida, mikono ikichoka, alisimama popote tu na kusema hapa ndipo kwenu. Mtu alilia, akamshukuru, wakarudi. Nani angejua? Akasimama.

"Haya, bibi. Mlango wenu huu hapa."

Assunta hakutazama alikoonyeshwa. Aliinua macho mlimani, ambako kanisa dogo la Mtakatifu Roko bado lilisimama peke yake.

"Mwongo we! Hapa ni kwa Filomena, yule aliyekuwa akituibia kuku. Mimi nikifungua mlango wangu asubuhi, kanisa lile lilikaa katikati ya yale meno mawili ya mlima. Angalia sasa lilivyokaa pembeni. Sogea."

Ovidio akaona aibu mpaka masikioni. "Bibi, nimechoka."

"Na mimi je? Mimi nimechoka tangu wewe hujazaliwa. Sogea, mwanangu. Sitapata siku nyingine."

Akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, aliifanya kwa moyo. Aligeuza shingo kutazama anakoelekea, akaenda taratibu, mbele kidogo, kushoto kidogo, huku akilipigia jicho lile kanisa. Likaanza kuhama mahali pake. Likafika kwenye jino la kwanza, likalipita, likakaa katikati.

"Simama!" Sauti ya Assunta ilikatika. "Hapa. Jamani, ni hapa. Nazzareno, nimefika."

Akalia, si sana, kisha akapangusa pua kwa ncha ya blanketi. Akaubusu ufunguo.

"Nishike, niiname."

Ovidio akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu.

"Naufunga, mzee wangu," Assunta akasema. "Sasa usiniulize tena."

Akauachia. Ufunguo ukapiga maji, ukazama, ukalipita paa na dirisha la chumba chao, ukaenda zake chini kwenye giza la ziwa lililokimeza kijiji, kuutafuta mlango. Ovidio akangoja maji yatulie, ndipo akayashika tena makasia.